Lugha za Wageni: Mtumbwi si Nyumba



Yeyote akaaye Alunguli aijua shida na neema ya mto. Sisi wa ng'ambo hii ya kuume ya Lualaba tuna nyumba zetu, mashamba yetu, makanisa yetu na shule zetu. Lakini ofisi za serikali ya jimbo, kiwanja cha ndege na maduka mengi makubwa viko ng'ambo ya pili. Basi kila asubuhi watu hushuka kivukoni, mama na vikapu vyao, wanafunzi na madaftari yao, wagonjwa na jamaa zao, wakangoja kuvushwa. Kivukoni ndipo habari zote za mji husikilikana, na ndipo tuliposikia maneno yaliyotufanya tuandike ukurasa huu wa leo.

Mtumbwini tulikuwa pamoja na baba wawili. Wa kwanza alikuwa amemshika mkono binti yake, mtoto wa miaka kumi hivi, akimpeleka kwa mwalimu mmoja wa ng'ambo ili afundishwe Kiingereza. Akatueleza kwa furaha kwamba ameweka sheria mpya nyumbani kwake: mtoto atakayesema Kiswahili wakati wa chakula cha jioni atanyimwa kitoweo. "Kiswahili kimetufikisha wapi?" akasema. "Na Kilega cha mama yao kimetufikisha wapi? Dunia ya leo ni Kiingereza." Tukamwuliza kama yeye mwenyewe akijua. Akacheka, akasema, "Hata kidogo." Basi tukafahamu ya kuwa katika nyumba ile chakula cha jioni huliwa kimya.

Wa pili, mtu mzima mwenye mvi, alitikisa kichwa. "Mimi wangu hawatajifunza," akasema. "Kila mgeni aliyekuja katika nchi hii alituletea lugha yake ili atutawale. Babu zetu walichapwa kwa ajili ya Kifaransa. Sasa tena tuinamishe vichwa kwa Kiingereza? Mwingereza akitaka kusema nami, na ajifunze Kiswahili."

Wakageuka wote wawili wakatuuliza, "Na ninyi watu wa gazeti, mwasemaje?" Lakini mtumbwi ulikuwa umekwisha gusa ufuko, kila mtu akashika njia yake. Tuliahidi kuwajibu kwa kalamu. Na kwa kuwa twajua ya kwamba mashindano kama hayo yamo katika nyumba nyingi, jibu letu ni kwa jamaa zote.

Ukubwa wa Kiingereza watoka wapi?

Tuanze na yule baba wa kwanza, maana hakukosea yote. Hapana shaka leo hakuna lugha iliyoenea duniani kama Kiingereza. Rubani wa Uchina atuapo Brazil aweza kusema na waongozaji wa ndege kwa Kiingereza. Na tangu mwaka 2008 sheria za kimataifa za usafiri wa anga zataka marubani na waongozaji wa safari za nchi hadi nchi wapimwe ujuzi wao wa lugha hiyo. Mabingwa wa tiba na wa elimu nyingine, hata wakiwa Wajerumani au Wajapani, huandika habari za uvumbuzi wao kwa Kiingereza ili wenzao wapate kuzisoma. Mfanyabiashara wetu aendaye Kampala, Dubai au Guangzhou kununua vitambaa, simu au vipuri hupatana bei kwa Kiingereza, angaa kile cha kuombea maji.

Tena nchi yetu yenyewe imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ilitia sahihi mapatano yake Nairobi tarehe 8 Aprili 2022. Mkataba wa jumuiya hiyo, uliofanywa Arusha mwaka 1999, ulikiweka Kiingereza kuwa lugha rasmi, nacho Kiswahili kikatajwa humo kuwa lugha ya kukuzwa ili iwaunganishe wananchi. Kijana wa Kindu atakaye kwenda kusoma au kufanya kazi Uganda, Kenya au Tanzania atakutana na Kiingereza mlangoni.

Lakini yatupasa kuuliza: Je, ukubwa huu umetokana na uzuri wa lugha yenyewe? La. Miaka mia nne iliyopita Kiingereza kilisemwa hasa katika kisiwa kimoja cha Ulaya, na wasemaji wake walikuwa wachache kuliko wa Kifaransa. Kilichokikuza ni merikebu, mizinga, biashara na makoloni ya Uingereza. Na baada ya vita ya pili ya dunia, iliyokwisha mwaka 1945, ni nguvu za Marekani katika mali, silaha, elimu na mashine. Kabla yake Kilatini kilitangulia katika sehemu kubwa ya Ulaya, na Kiarabu katika nchi nyingi sana. Kifaransa nacho kilikuwa lugha ya mabalozi. Kila moja ilikuwa na zamani zake. Lugha hupanda juu ya mabega ya wenye nguvu, nao wenye nguvu hubadilika.

Zaidi ya hayo Kiingereza hakioni haya kukopa. Mwaka 1066 Wanormandi, waliosema Kifaransa, waliiteka Uingereza, na tangu hapo maelfu ya maneno ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza. Hata leo mwanafunzi wetu ajuaye Kifaransa atayaona maneno kama "nation", "justice" na "village" yameandikwa vile vile katika lugha zote mbili. Basi lugha inayojiona kubwa hivi leo iliwahi kuwa lugha ya watu walioshindwa. Jambo hili litutoe woga, tena litutoe na kiburi.

Mto uliopitisha lugha nyingi

Sasa tumgeukie yule baba wa pili, ambaye naye hakukosea yote. Ni kweli ya kuwa lugha nyingi zilifika kwetu pamoja na mabwana. Lakini afikiri kidogo: alilitamka neno hilo kwa lugha gani? Kwa Kiswahili. Na Kiswahili kilifikaje Maniema?

Wenyeji wa kandokando ya mto huu walikuwa na lugha zao, na wangali nazo: Kisongola, Kigenya cha wavuvi, Kikusu, Kilega, Kizimba, Kibangubangu na nyingine. Kiswahili kilitoka mashariki, pwani ya Bahari ya Hindi, katika vinywa vya wachukuzi na wafanyabiashara wa pembe. David Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871, hapakuwapo mtu hata mmoja pale aliyehitaji Kiingereza chake. Katika misafara ile lugha ya kusikilizana ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1876 Stanley alikutana na Tippu Tip katika Maniema hii hii, wakapatana habari za kushuka mto, na watu wao walisemezana kwa Kiswahili. Hata habari za maisha yake Tippu Tip alizisimulia kwa Kiswahili, wala si kwa Kiarabu.

Lakini tusisahau jambo moja tunapoisifu lugha yetu. Kiswahili hakikuja Maniema kwa mikono safi. Kilikuja pamoja na bunduki na minyororo ya watumwa. Katika Julai 1871 Livingstone aliona kwa macho yake watu wa soko la Nyangwe wakipigwa risasi na watu wa wafanyabiashara hao. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa maji ya Lualaba walimojitupa wakikimbia, na wengi wao walikuwa wanawake waliokuja kuuza vyakula. Waliofyatua bunduki zile walisema Kiswahili.

Na leo je? Kwa lugha ile ile mama wa Alunguli humbembeleza mtoto wake, katekista hufundisha sala, wachumba huahidiana, wazee huamua mashauri. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 yakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Wajukuu wa walionunuliwa na wajukuu wa walionunua huomba Mungu kwa maneno yale yale. Kumbe lugha haibebi milele dhambi ya aliyeileta. Waliotangulia waliipokea, wakaitia chumvi yao, na sasa ni yetu.

Kifaransa nacho kilikuja na serikali ya Mfalme Leopold, iliyoanza mwaka 1885, kisha na ya Ubelgiji tangu mwaka 1908. Na hapa pana jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui. Wabelgiji waliotufundisha Kifaransa walikuwa wenyewe wanashindana kwao kwa ajili ya lugha, maana zaidi ya nusu ya wananchi husema Kiflamandi, nao Waflamandi walidharauliwa siku nyingi mashuleni na barazani. Mapadri wengi waliokuja Kongo walikuwa Waflamandi. Waliujua uchungu wa mtu ambaye lugha ya mama yake yachekwa, na baadhi yao kwa sababu hiyo walizipenda lugha zetu, wakaziandika na kuzitetea. Basi kudharauliwa lugha si msiba wa mtu mweusi peke yake, wala si msiba usio na dawa.

Makosa mawili

Ikiwa ni hivyo, kosa la baba hawa wawili li wapi? Li katika jambo moja: wote wawili wafikiri ya kuwa moyo wa mtu una nafasi ya lugha moja tu, hata ikiingia moja lazima nyingine itolewe. Na kosa hilo lina hasara, si ya maneno tu. Tutasimulia mambo mawili tunayoyajua, bila kutaja majina.

Kijana mmoja alilelewa na nyanya yake, mjane aliyeuza mawese na mchele ili amlipie masomo. Alisoma vizuri, akaenda mji mkubwa, akarudi na lugha mbili za kigeni. Lakini aliona haya. Nyanya alipomwita kwa Kisongola mbele ya wenzake, alimjibu kwa Kifaransa, wenzake wakacheka, na mama mzee akanyamaza. Tangu siku ile hakumsemesha tena mbele za watu. Miaka ikapita, na kijana akaisahau lugha ile. Nyanya alipougua ugonjwa wake wa mwisho, alimshika mkono akasema maneno mengi, polepole, kama mtu agawaye urithi. Kijana alikaa kando ya kitanda akashika neno moja moja: shamba, mto, jina la babu. Wala hapakuwapo usiku ule mtu wa kumfasiria. Alfajiri nyanya alifariki. Mpaka leo mjukuu hajui aliachiwa wosia gani. Ana vyeti vingi, lakini hakuna cheti kiwezacho kumrudishia maneno yale.

Hilo ndilo kosa la kudharau. Sikilizeni sasa kosa la kukataa.

Baba mmoja, mtu msomi wa Kifaransa, alikuwa akisema kila mara ya kwamba Kiingereza ni upuzi wa vijana. Usiku mmoja mwanawe mdogo alishikwa na homa na maumivu ya viungo. Nyumbani mlikuwa na chupa ya dawa iliyonunuliwa sokoni, yenye maandishi ya Kiingereza tu. Baba akaisoma kwa taa. Akaona neno "pain", ambalo kwa Kifaransa ni mkate, akadhani ya kuwa dawa hiyo hunywewa pamoja na chakula. Lakini kwa Kiingereza neno hilo maana yake ni maumivu, na dawa ile ilikuwa ya kupaka juu ya ngozi. Mtoto alinyweshwa vijiko viwili pamoja na kipande cha mkate. Kabla ya usiku wa manane akaanza kutapika na kulegea. Wakamwamsha mwenye mtumbwi, wakavuka gizani, baba akimshika mtoto na mama akisali rozari. Kwa rehema ya Mungu mtoto alipona. Baba alituambia hivi: "Nilikataa kujifunza maneno kumi, na ilibaki kidogo nimzike mwanangu kwa neno moja."

Wazazi, hayo ndiyo yaliyomo katika habari hii. Si habari ya kuonekana mstaarabu au kutoonekana. Yupo anayepoteza wosia wa wakubwa wake kwa sababu ya haya, na yupo anayehatarisha watoto wake kwa sababu ya kiburi.

Waliojifunza bila kujipoteza

Mtu aweza kuuliza: Je, yawezekana kweli kuzishika zote? Tutazame waliotutangulia.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844 akaanza kuokota maneno ya Kiswahili kimoja kimoja. Kamusi yake ilipigwa chapa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa. Edward Steere, Mwingereza, alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870. Padri Charles Sacleux, Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliishi Unguja na Bagamoyo tangu mwaka 1879 hata mwaka 1898, akazisikiliza lahaja za pwani kwa subira, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka katika miaka ya 1939 hata 1941, alipokuwa mzee wa miaka themanini na zaidi. Hakuna hata mmoja wao aliyeacha kuwa Mjerumani, Mwingereza au Mfaransa. Walikubali kuwa wanafunzi wa wavuvi na wachukuzi, wakakosea, wakachekwa, wakasahihishwa. Ikiwa mgeni hakuona haya kujifunza ya kwetu, sisi tuone haya gani kujifunza ya kwake? Na ikiwa yeye aliona lugha yetu yastahili miaka arobaini ya kazi, kwa nini sisi tuione haistahili hata mezani petu?

Au tumtazame Mwafrika, tena Mkatoliki, Mwalimu Julius Nyerere. Alifundisha katika shule za misioni za Tabora na Pugu. Alisoma chuo kikuu cha Edinburgh. Kiingereza alikijua kuliko Waingereza wengi. Alikifanyia nini? Alikichukua kikapu cha kigeni akaleta chakula nyumbani: alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, ya Juliasi Kaizari mwaka 1963 na ya Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Huyo ndiye mwanafunzi wa kweli wa lugha ya kigeni. Alivuka, akapata, akarudi.

Na asiseme mtu, "Nimekwisha kuwa mkubwa." Joseph Conrad, mtu wa Poland, alifika Uingereza akiwa na miaka ishirini, na hapo ndipo alipoanza kujifunza Kiingereza kwa bidii, kati ya mabaharia. Mwaka 1890 alipanda mto wetu wa Kongo katika meli mpaka mahali paitwapo leo Kisangani. Baadaye akawa mmoja wa waandishi wakubwa wa lugha hiyo, ijapokuwa alipoisema watu walitambua mpaka mwisho wa maisha yake kwamba ni mgeni.

Neno la imani

Sisi Wakristu tuna sababu nyingine ya kulifikiri jambo hili vema. Pale Babeli watu walikuwa na lugha moja, na kwa lugha hiyo moja walijenga mnara wa kiburi. Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwafanya watu wote waseme Kiebrania, wala Kigiriki, wala Kilatini cha watawala. Bali kila mtu, kutoka kila taifa lililokuwapo Yerusalemu, alisikia matendo makuu ya Mungu katika lugha aliyozaliwa nayo. Mungu hakuona lugha yoyote kuwa ndogo mno kwa habari yake. Na Mtakatifu Paulo aliwaonya Wakorintho ya kuwa maneno machache yanayofahamika na ndugu ni bora kuliko maelfu yasiyofahamika.

Kanisa lenyewe limetembea njia hiyo. Wazee wetu wakumbuka Misa ya Kilatini, walivyoitikia kwa moyo maneno ambayo wengi hawakuyafahamu. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tangazo lake juu ya Liturujia la tarehe 4 Desemba 1963, ulifungua mlango kwa lugha za wananchi, na mwaka 1988 Roma ilikubali utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Wala Kilatini hakikutupwa. Kiliwekwa mahali pake. Hivyo ndivyo afanyavyo mama mwenye hekima na vyombo vyake: hatupi sufuria kwa kuwa amepata sahani.

Tena kujifunza lugha ya mwingine ni tendo la unyenyekevu na la upendo. Mtu mzima ajifunzaye hurudi kuwa mtoto, husema vibaya, huomba msaada. Kumdharau mtu kwa sababu hajui Kiingereza au Kifaransa ni dhambi dhidi ya upendo, kama vile kumdharau kwa nguo zake.

Mashauri kwa wazazi

Basi, baada ya hayo yote, twawashauri hivi.

Kwanza: Semeni na watoto wenu lugha zenu, tena vizuri. Mtoto ajuaye kueleza jambo lake sawasawa kwa Kilega, Kikusu au Kiswahili ana msingi wa kujengea lugha nyingine. UNESCO lilikwisha sema tangu mwaka 1953 ya kuwa lugha ya mama ndiyo njia bora ya kumwanzishia mtoto masomo. Kule Tanzania watoto wa shule za msingi za serikali wamefundishwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, kisha katika sekondari wakakutana na masomo yote kwa Kiingereza. Kwa miaka mingi walimu wao wamelalamika ya kuwa wengi hukariri bila kufahamu. Lugha ya kigeni yafaa ifundishwe vema kama somo kabla ya kutwikwa masomo yote.

Pili: Msiweke adhabu juu ya lugha ya nyumbani. Mtoto anayenyimwa chakula kwa sababu amesema lugha ya mama yake hatajifunza kupenda Kiingereza. Atajifunza kumwonea haya mama yake.

Tatu: Msiwazuie watoto wenu kujifunza. Kiingereza kimo katika masomo ya sekondari. Waulizeni habari zake kama mnavyowauliza habari za hesabu. Na mpunguze kazi za nyumbani kidogo jioni, wapate nusu saa ya daftari.

Nne: Mkitoa fedha kwa mwalimu wa jioni, chunguzeni kwanza. Mwombeni mtu ajuaye amsikilize. Wapo waliojifunza maneno mia wakafungua darasa, wakiuza matumaini kwa maskini. Baada ya miezi mitatu mwulizeni mtoto afasiri habari fupi kwa Kiswahili. Asipoweza kufasiri, hajajifunza, amekariri.

Tano: Ninyi wenyewe jifunzeni kidogo. Anzeni na maneno yaletayo usalama: ya dawa, ya hatari, ya bei, ya mapatano. Wala asiweke mtu sahihi yake chini ya karatasi asiyoifahamu mpaka amepata mfasiri mwaminifu.

Sita: Andikeni maneno ya wazee wenu kabla hawajaondoka. Daftari moja na kalamu vyatosha: majina ya babu, mipaka ya mashamba, methali, hadithi, majina ya miti ya dawa. Kazi hiyo mtoto wa sekondari aweza kuifanya katika likizo moja, na nyanya atafurahi kuliko kupewa kitenge.

Tena tusilie kana kwamba lugha yetu yafa. Umoja wa Mataifa, kwa mkono wa UNESCO, uliitenga mwaka 2021 tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha ya kazi zake. Wageni wavuka kuja kwetu. Ingekuwa aibu wakitukuta tumehama.

Sisi wa Alunguli tungalifahamu jambo hili kuliko wote. Hakuna mtu kwetu audharauye mtumbwi, maana bila mtumbwi hatufiki ng'ambo. Lakini hakuna pia aliyebomoa nyumba yake akahamishia kitanda na vyungu mtumbwini. Mtumbwi ni wa kuvukia na kurudia. Kiingereza ni mtumbwi mzuri, mkubwa, wenye kubeba wengi. Tuupande bila woga, na jioni turudi kwetu.

Jioni ya siku ile tulikutana tena na yule baba wa kwanza na binti yake, tukavuka pamoja. Mtoto alikuwa amejifunza jinsi ya kuita maji, mto, mvua na samaki, akayatamka maneno yale kwa sauti, akionyesha kidole huku na huku. Baba akamsikiliza kwa fahari, kisha akainama, akamwuliza kwa sauti ndogo maana yake ni nini. Binti akamweleza yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili; maana hapakuwa na njia nyingine.

Twatumaini usiku ule alipata kitoweo chake.